Bia Iliyobadilika Ladha: Kutafuta Chanzo katika Mwanga, Joto na Ukubwa wa Pipa

Malalamiko kuhusu bia katika mabaa na hoteli za Malindi, kuanzia barabara ya Casuarina hadi Watamu, hujirudia yaleyale: bia inanuka vibaya, bia imechakaa, bia ya koki ina uchachu, bia ya leo si kama ya juma lililopita. Mara nyingi lawama huelekezwa kiwandani, na chupa ya kijani au isiyo na rangi ndiyo inayoshikwa kuwa ushahidi. Mwongozo huu ni wa muuzaji, mtunza stoo na mtu anayepika bia kidogo nyumbani, nao unasimamia jambo moja: rangi ya chupa huikinga bia dhidi ya mwanga tu, ilhali joto, hewa, uchafu na ukubwa wa chombo cha kupikia huleta kasoro zao, ambazo hakuna kioo cha rangi yoyote kinachoweza kuzizuia. Asiyetofautisha mambo hayo atamwacha muuzaji wake wa jumla, atabadilisha aina ya bia anayouza, na kasoro itabaki palepale.

Kabla ya kugusa chochote, itenge kasoro. Uliza kama imo katika chupa moja, katika kreti nzima au katika shehena yote. Uliza kama bia ya jina hilohilo iliyo ndani ya mkebe inayo pia, kwa sababu mkebe haupitishi mwanga hata kidogo. Uliza kama harufu ilikuwapo kizibo kilipofunguliwa au ilikuja baadaye. Ukibaki na shaka, mimina bia katika vikombe vitatu visivyoonyesha kilichomo, viwili kutoka chupa moja na kimoja kutoka chupa unayoishuku, kisha umwombe mtu asiyejua mpango huo akitambue kikombe kilicho tofauti. Anayebahatisha hupata mara moja katika kila mara tatu, kwa hiyo usiridhike na jibu la mtu mmoja. Waulize kadhaa, kila mmoja peke yake.

Bia inanuka kicheche, au mpira ulioungua

Hii ndiyo kasoro ya mwanga, na ndiyo pekee ambayo rangi ya chupa ina uamuzi mkubwa ndani yake, kwa hiyo inastahili kuelezwa kwa kirefu. Uchungu wa bia hutokana na maua ya mmea uitwao hopsi. Maua hayo yanapochemshwa, asidi zake za alfa hubadilika umbo na kuwa asidi za iso-alfa, nazo ndizo tunazozihisi ulimini kama uchungu. Mwanga wa urujuanimno na wa buluu, hasa ulio na urefu wa mawimbi kati ya nanomita 350 na 500, hunaswa na vitamini B2 iliyomo ndani ya bia, nayo huihamishia nguvu hiyo kwa asidi za iso-alfa hadi zikavunjika. Kipande kinachomeguka hukutana na salfa iliyomo katika bia na kuunda kemikali ya jamii ya tioli, ambayo pua ya binadamu huigundua hata ikiwa nanogramu chache tu katika lita nzima. Mjerumani Carl Lintner aliieleza harufu hiyo mwaka wa 1875, na mwaka wa 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, pamoja na wenzao wa Ghent, Ubelgiji, walifafanua hatua kwa hatua jinsi mwanga unavyozivunja asidi hizo.

Chanzo kinachotangulia vyote kwa wingi, na ambacho watu hukisahau, ni glasi iliyowekwa juani. Bia ikishamiminwa, rangi ya chupa haina kazi tena. Katika ufuo ulio nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta, jua la saa sita mchana huweza kuiharibu bia iliyomo ndani ya glasi angavu kwa dakika chache tu, kabla mteja hajafika nusu. Kagua hivi: chukua chupa nyingine ya kreti ileile, ifungue kivulini na uinuse papo hapo. Ikiwa haina harufu, chupa na kiwanda havina kosa, na dawa ni kuihamisha meza chini ya makuti au kuisogeza glasi kivulini.

Chanzo cha pili ni chupa ya kijani au isiyo na rangi iliyopigwa na mwanga kabla ya kufunguliwa. Kioo cha kahawia huzuia sehemu kubwa sana ya mwanga ulio chini ya nanomita 500. Kioo cha kijani hupitisha mwingi wa buluu. Kisicho na rangi hupitisha karibu wote. Ndiyo maana Tusker katika chupa yake ya kahawia ya mililita 500 huvumilia kuwekwa kwenye rafu kuliko Heineken ya chupa ya kijani au Corona ya chupa angavu. Hata hivyo, usihukumu kwa macho tu. Wako watengenezaji wanaotia uchungu kwa dondoo za hopsi zilizobadilishwa kikemia, ambazo asidi zake hazitoi tioli hiyo zinapopigwa na mwanga, na bia ya namna hiyo huweza kukaa katika chupa angavu bila kunuka. Rangi ya chupa ni sababu ya kushuku, na ushahidi hupatikana kwa kuonja.

Chanzo cha tatu ni friji la mlango wa kioo. Muuzaji huamini kwamba bia iliyo baridi iko salama, kumbe taa iliyo nyuma ya mlango huimulika usiku na mchana. Taa za mirija huidhuru, na taa za LED nyeupe, ingawa hazitoi urujuanimno mwingi, zina mwanga wa buluu wenye nguvu karibu na nanomita 450, katikati kabisa ya eneo la hatari. Linganisha chupa ya mstari wa mbele na ile ya mstari wa nyuma, ambayo imefunikwa na wenzake. Ikiwa ya mbele inanuka na ya nyuma hainuki, umeshapata jibu. Zima taa ya friji, au weka soda na maji mbele na bia za kijani nyuma. Huo ni mpango usiogharimu kitu, na kwa maoni yangu kila duka lenye friji la aina hiyo lingepaswa kuufuata bila kungoja malalamiko.

Cha nne, kwa nadra zaidi, ni chupa za kahawia zilizoachwa juani kwa muda mrefu. Kahawia huchelewesha, haizuii mwanga wote. Kreti za plastiki zina matundu pembeni na huziacha shingo za chupa wazi, nazo husafirishwa juu ya tuktuk na kushushwa uani huku mtu akitafutwa wa kuzipokea. Turubai zito juu ya kreti linatosha. Wale wanaohudumia sherehe za ufukweni kwa kegi wachunguze pia mpira unaotoka kwenye kegi hadi kwenye koki: ukiwa angavu na ukapigwa na jua, bia iliyotulia ndani yake hunuka, na glasi ya kwanza baada ya kila mapumziko ndiyo itakayokuwa mbaya.

Bia iliyokwisha kunuka haiponi. Ubaridi mkali na kipande cha ndimu huificha harufu kidogo, lakini kuiuza kwa ujanja huo ni kumpa mteja bidhaa iliyoharibika. Anayetaka kujifunza harufu yenyewe ili aitambue siku zote, na anunue chupa mbili za kijani, aifunge moja kwa foili ya jikoni, aziweke zote juani nusu saa, azipoze pamoja, kisha azinuse.

Inafaa kutaja hapa kwamba mnazi haupati kasoro hii, kwa kuwa hauna hopsi. Tembo tamu hugeuka kuwa kali katika siku moja kwa kazi ya vijidudu, awe mgema ameliweka kwenye kibuyu au kwenye chupa angavu. Na ikiwa bia uliyopika mwenyewe inanuka yai viza, mwanga hauhusiki; ni gesi ya salfa itolewayo na hamira wakati wa kuchacha, nayo mara nyingi hupungua yenyewe bia ikiachwa itulie wiki kadhaa.

Bia ina ladha ya karatasi iliyolowa, au ina utamu mzito usio wake

Hapa rangi ya chupa haina hoja. Bia imezeeka, na vinavyoizeesha ni joto na oksijeni, ambavyo huzalisha kemikali zenye ladha ya karatasi au kadibodi na kuufifiza uchungu wa hopsi.

Anza na kilicho rahisi: soma tarehe iliyopigwa kwenye lebo au chini ya mkebe. Kisha uliza bia ililala wapi. Joto likipanda kwa nyuzijoto 10, kasi ya uzee huongezeka mara mbili hadi tatu, kwa hiyo mwezi mmoja katika stoo ya mabati wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi ambapo hata usiku haupoi, huizeesha bia kuliko miezi mingi ndani ya chumba baridi. Shehena nyingi hufika Malindi kwa lori kutoka Mombasa, mwendo wa kilomita 120 hivi, na safari hiyo si tatizo kubwa. Tatizo ni wiki zinazofuata nyuma ya duka. Weka kipimajoto cha bei nafuu stoo na ukisome saa tisa alasiri, wakati paa limeshika moto, usikisome asubuhi. Toa kwanza kilichoingia kwanza. Ikiwa chumba baridi hakitoshi bia zote, zipe nafasi bia zenye hopsi nyingi na zile zinazouzika polepole, kwa kuwa zinazotoka haraka hazitapata muda wa kuzeeka.

Ikiwa tarehe ni nzuri na stoo ina ubaridi, tazama vizibo. Hewa ya chumvi ya pwani huutia kutu ukingo wa kizibo, na kizibo kilichoachia hupitisha oksijeni ndani na gesi nje. Bia hiyo itakuwa pia imepoteza gesi.

Kwa mpishi wa nyumbani, chanzo cha kwanza ni hewa iliyoingia wakati wa kuhamisha bia. Kiwanda kikubwa hujaza chupa baada ya kutoa hewa yote ndani yake, na hupima oksijeni iliyobaki kwa vipimo vya sehemu chache katika bilioni. Ndoo ya lita 20 inayomiminwa kwa kikombe hadi kwenye chupa haiwezi kukaribia hapo. Tumia mpira unaofika chini ya chupa ili bia isiporomoke na kutoa mapovu, jaza karibu na shingo, na unywe mapema. Udogo wa pipa una faida yake hapa: bia iliyopikwa kidogo haihitaji kukaa miezi sita ikisubiri mnunuzi.

Bia ya koki ina ladha ya siagi, au ina uchachu, na ya chupa haina

Bakteria wa jamii ya asidilaktiki wakiota ndani ya mipira na koki hutoa diasetili, yenye ladha ya siagi, pamoja na uchachu. Wale wa siki hupenda mdomo wa koki, ambako bia hukutana na hewa. Mteja anayekunywa kegi, ikiwemo Senator inayopikwa kwa mtama, huilaumu bia yenyewe, lakini jaribio ni jepesi: linganisha glasi ya kwanza ya asubuhi na ya kumi. Ikiwa ya kwanza ni mbaya na ya kumi ni nzuri, uchafu umo mpirani. Zikiwa mbaya zote, badilisha kegi ujaribu tena kabla ya kuamua.

Fungua mdomo wa koki, uusugue kwa brashi na maji moto kila usiku. Mipira isafishwe kwa dawa ya alkali ya kazi hiyo kila baada ya siku 14, na katika joto letu sioni sababu ya kungoja hata siku hizo zitimie. Dawa hiyo huunguza ngozi na hupofusha macho: vaa glavu na miwani, funga koki na uandike wazi kwamba kuna dawa ndani ili mhudumu asije akammiminia mtu, na suuza kwa maji mengi hadi karatasi ya kupimia asidi ionyeshe kwamba maji yanayotoka ni sawa na yale yanayoingia.

Povu likizidi, kwanza pima joto la kegi. Kegi ya lita 50 iliyofika ikiwa na joto la barabarani huhitaji siku nzima au zaidi chumbani hadi ifikie nyuzijoto 3 au 4 katikati, hata kama ngozi yake imeshakuwa baridi mkononi. Povu likikosekana, tazama glasi kabla ya gesi: mafuta ya mahamri na viazi karai yaliyoachwa na kitambaa cha kupangusia huliua povu mara moja. Lowesha glasi kwa maji. Yakitengeneza matone badala ya utando ulio sawa, glasi ni chafu.

Simama hapo na umwite fundi wa gesi au wakala wa kiwanda ikiwa regulata, yaani kidhibiti cha msukumo wa gesi, haishiki kipimo, ikiwa unasikia gesi ikivuja, au ikiwa kasoro imo kwenye shingo ya kegi. Usiifungue shingo ya kegi kwa sababu yoyote, kwani msukumo ulio ndani unaweza kuirusha usoni kwako. Kaboni dioksaidi ni nzito kuliko hewa na hujaa chini katika stoo isiyo na dirisha. Ukihisi kichwa kinauma na pumzi inapanda ndani ya stoo ya mitungi, toka nje. Na ukimkuta mwenzako ameanguka humo, usimfuate kabla hewa haijabadilishwa, ita msaada.

Bia niliyopika ina harufu ya ndizi au ya rangi ya kucha, na inachoma koo

Tatizo hili ndilo linaloonyesha vizuri zaidi kwamba ukubwa wa chombo huibadilisha ladha. Kabla ya yote, anayekusudia kuuza anahitaji leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010.

Chanzo kinachoshinda vingine vyote ni joto la kuchachia. Hamira nyingi za bia za eli hufanya kazi vizuri kati ya nyuzijoto 18 na 22, na za laga kati ya 8 na 13. Chumba cha kawaida cha Malindi kiko 28 au 30, na kuchacha kwenyewe hutoa joto, hivyo ndoo ya lita 20 huweza kuwa na nyuzi 3 hadi 5 zaidi ya chumba siku mbili za mwanzo. Hamira iliyopata joto hilo hutoa esta, zenye harufu ya matunda na ya rangi ya kucha, pamoja na alkoholi nzito zinazochoma. Pima bia yenyewe, si chumba. Kufunga kitambaa chenye maji kuzunguka ndoo, njia inayosifiwa na watu wa nchi kavu, hapa husaidia kidogo sana kwa sababu hewa ya pwani imejaa unyevu na maji hayakauki upesi. Iweke ndoo ndani ya karai kubwa la maji, utie chupa za barafu na kuzibadilisha asubuhi na jioni kwa siku tatu za kwanza. Baada ya hapo hatari kubwa imepita. Asiye na friji atafute hamira ya kveik kutoka Norway, ambayo huvumilia nyuzijoto 30 hadi 40 bila kuharibu ladha, na kwa mpishi wa pwani naiona kuwa ndiyo njia ya busara kuliko zote.

Chanzo kinachofuata ni hamira haba au iliyozeeka, ambayo hulazimika kuzaana sana na kutoa esta zaidi. Itunze kwenye friji, na usiipunguze ili kuokoa gharama.

Kuna pia tofauti isiyo kasoro. Kiwandani bia huchacha katika matangi marefu ya chuma, na kila mita 10 za kimiminika huongeza msukumo ulio sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Msukumo huo pamoja na kaboni dioksaidi inayobaki ndani ya bia huifanya hamira itoe esta chache. Ndoo yenye kina cha sentimita 40 haina msukumo wa kutajika, kwa hiyo hata ikipozwa sawasawa itakuwa na matunda zaidi. Kiwanda pia hupika bia nzito na kuipunguza baadaye kwa maji yaliyotolewa hewa, huichuja, huipasha moto karibu nyuzijoto 60 ili kuua vijidudu, na huchanganya mapishi kadhaa ili chupa zote zifanane. Anayetafuta ndani ya ndoo ladha ya laga ya kiwandani anatafuta matokeo ya mitambo hiyo. Afadhali apike bia ambayo udogo unaipendeza.

Mapishi yaleyale, lakini pipa kubwa limetoa bia tofauti

Mtu amepika lita 20 zikasifiwa, akazidisha kila kipimo mara kumi, na lita 200 zikatoka na uchungu mwingi, harufu ya mahindi ya kuchemsha na ukali. Chanzo cha kwanza ni hesabu ya joto. Ujazo ukiongezeka mara 10 katika chombo chenye umbo lilelile, ngozi yake huongezeka mara 4.6 hivi tu, kwa hiyo kila lita imebaki na chini ya nusu ya eneo la kupoteza joto. Sufuria hupoa polepole, na pipa la kuchachia hupanda joto kuliko ndoo ilivyopanda.

Angalia kwanza muda wa kupoza. Hopsi huendelea kutoa uchungu bia ikiwa bado juu ya nyuzijoto 80 hivi, na harufu yake nzuri hupotea. Wakati huohuo kimea cheupe huendelea kutoa kemikali yenye harufu ya mahindi, ambayo sasa hakuna mvuke wa kuiondoa. Dawa ni kuchemsha bila kifuniko, kwa nguvu, dakika 60 hadi 90, na kupoza haraka. Maji ya mfereji wa Malindi yana joto lililo karibu na la hewa, kwa hiyo hayawezi kuishusha bia chini ya hapo. Yatumie kuondoa joto kubwa, kisha upitishe maji ya barafu.

Pili, pima uzito wa sukari kwa haidromita kabla na baada ya kuchemsha. Sufuria ndogo yenye mdomo mpana hupoteza kwa mvuke sehemu kubwa ya maji yake kuliko sufuria kubwa yenye kina, hivyo bia ya pipa kubwa hutoka nyepesi na uwiano wa uchungu na utamu huvurugika. Punguza hopsi za uchungu kidogo, panda hadi lita 50 kabla ya kufikia 200, na usahihishe kila hatua kwa vipimo.

Bia ina ladha ya dawa ya hospitali, au ya chumvi

Chunguza maji. Maji ya mfereji yanayotoka Baricho, kwenye Mto Sabaki, hutiwa klorini, nayo ikikutana na fenoli za kimea hutoa ladha ya dawa. Yaache wazi usiku kucha au yachemshe kabla ya kutumia. Kisababishi kingine ni ndoo iliyosafishwa kwa dawa ya klorini ya kufulia bila kusuuzwa vya kutosha. Usiichanganye kamwe dawa hiyo na siki au asidi yoyote, kwa kuwa hutoa gesi yenye sumu. Visima vya karibu na bahari huwa na chumvi, na vile vilivyochimbwa katika mwamba wa matumbawe huwa na chokaa nyingi inayoukaza uchungu. Kwa hayo hakuna marekebisho ya jikoni yanayotosha, tafuta maji mengine.

Chupa zinafurika, au zinapasuka

Mara nyingi bia ilifungwa kabla haijamaliza kuchacha, au sukari ya kutilia gesi ilizidi. Haidromita isome namba ileile siku tatu mfululizo, na sukari isizidi gramu 6 au 7 kwa lita. Kila gramu 4 kwa lita huongeza takriban ujazo mmoja wa gesi. Tumia chupa nzito za bia zinazorejeshwa kiwandani, na za kahawia kama zipo. Chupa nyembamba za vinywaji visivyo na gesi zisitumike, hata zikiwa na rangi nzuri. Ikishapasuka moja, usizishike nyingine kwa mikono mitupu: zifunike kwa blanketi zito, vaa miwani na nguo ya mikono mirefu, zipoze zote kwanza kisha uzifungue moja moja nje, ukiwaweka watoto mbali.

Chupa ina kizibo kilicholegea, lebo iliyopinda, au kinywaji kinachoma kama spiriti

Hapa uonjaji unakoma. Kagua stempu ya ushuru ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) na alama ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS), na ukiona dosari, usinywe, usiuze wala usimwage. Itunze chupa na utoe taarifa polisi. Bia iliyochachishwa tu haileti methanoli ya kudhuru, lakini kinywaji kilichochakachuliwa kwa spiriti za viwandani huweza kuwa nayo, na dalili zake huchelewa saa 12 hadi 24: kichwa kuuma, kutapika, macho kuona ukungu. Mtu akiwa na dalili hizo, hata kama alikunywa jana na leo asubuhi aliamka mzima, apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa aliyokunywa, na daktari aambiwe wazi kwamba methanoli inashukiwa.